Sabuni, zamu na daftari: shajara ya huduma ya wagonjwa, Kyangwali

Februari, wiki ya pili

Kamati ilikaa baada ya ibada, chini ya mwembe, na kabla ya kugusa habari za fedha tulipitisha sharti moja: hatuanzi kitu tusichoweza kukirudia mwezi unaofuata kwa mikono yetu wenyewe. Papa mweka hazina ndiye aliyelishikilia. Amekaa kwenye kamati za kanisa tangu Ituri, huko Kongo, kabla hatujavuka Ziwa Albert kuja Uganda kama wakimbizi, na huku kambini Kyangwali, wilaya ya Kikuube, ameendelea. Ameona miradi mingi ikifunguliwa kwa ngoma na spika halafu ikafa bila hata tangazo. "Nionyesheni nani atalipa mwezi wa nne," alisema, "ndipo tupige magoti."

Kazi yenyewe haina utata. Upande wetu wa Maratatu kuna nyumba tisa zenye mtu asiyeinuka: wazee, waliopooza, wawili wenye saratani, kijana mmoja aliyeanguka akiezeka nyumba ya jirani. Mpaka sasa tumekuwa tukiwatembelea Jumapili alasiri, yeyote mwenye nafasi. Tunaimba, tunasoma zaburi, tunaomba, tunaaga, na mgonjwa anabaki kwenye shuka lile lile tulilomkuta nalo. Mama Mchungaji ndiye aliyelisema hilo, tena bila kulipamba, na hakuna aliyembishia.

Kwa hiyo mpango ni huu: watu wawili wawili, Jumanne na Ijumaa, jerikeni moja ya maji, sabuni, na muda wa kukaa. Kumwosha mgonjwa, kufua shuka, kumgeuza, kumsikiliza. Maombi yapo, ila yaje mikono ikiwa imeshaloa.

Februari, mwisho wa mwezi

Tumepita nyumba zote tisa kuuliza, maana ni rahisi kumpangia mtu mahitaji yake ukiwa umekaa kanisani. Tulitegemea kusikia chakula na dawa. Vilitajwa, lakini kilichorudiwa nyumba kwa nyumba ni sabuni. Si ajabu. Tangu 2023 msaada wa chakula wa WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, unagawanywa kwa makundi kulingana na uhitaji, na wengi wamepunguziwa au wameondolewa kabisa. Familia ikishika shilingi elfu tano inanunua unga, na mgonjwa anaoshwa kwa maji matupu.

VHT wa kijiji chetu, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea, ambaye Jumapili ni sauti ya pili kwenye kwaya, alitufundisha kumgeuza mtu kila baada ya saa mbili, na mahali pa kukagua kwanza: chini ya mgongo, visigino, mabega, viwiko. Ngozi ikiwa nyekundu na isipate nafuu, hapo ndipo kidonda cha kulalia kinapoanzia. Kikishafika kwenye nyama, sabuni haisaidii tena, ni kituo cha afya.

Wengi hapa wanaukumbuka mwaka 2018, maboti yalipokuwa yakishusha watu kwenye mwalo wa Sebagoro na kipindupindu kikaingia kambini Februari ile. Ndoo za maji na sabuni zilikuwa kila kona. Dharura ikaisha, ndoo zikaondoka.

Machi, wiki ya kwanza

Mama Mchungaji amehubiri 2 Wafalme 4, yule mjane mwenye deni. Mahubiri ya fungu hilo nimeyasikia mengi, na karibu yote hukimbilia mafuta yasiyokwisha. Yeye alisimama kwenye swali la Elisha: una kitu gani nyumbani? Halafu akasimama tena kwenye vyombo. Mjane hakuwa navyo, aliambiwa akaazime kwa majirani, na mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha. Basi kabla hatujamwomba Mungu mafuta, akasema, tujue kwanza majirani zetu wana vyombo gani.

Baada ya ibada akaweka karatasi mezani: nani ana ndoo ya plastiki ngumu, nani ana mbao, nani ana mizani, nani ana nailoni. Mizani haikupatikana. Ujuzi upo, kwa sababu yeye mwenyewe alijifunza kupika sabuni Bunia, kwa mama yake mdogo.

Machi, wiki ya tatu

Sabuni ya kwanza imepikwa. Naandika kwa urefu ili atakayeshika daftari hili baada yangu asilazimike kutafuta wa kumuuliza.

Mafuta ya mawese kilo tano, kwa uzito, si kwa lita. Wengi huteleza hapo. Lita moja ya mafuta haifiki kilo, ni kama gramu 910, kwa hiyo jerikeni ya lita 20 ina kilo 18 na kidogo. Kila kilo ya mawese inataka gramu 141 hivi za kostiki (magadi makali ya kupikia sabuni) ili yote igeuke sabuni. Sisi tunapunguza asilimia 5 makusudi, mafuta kidogo yabaki na sabuni isimuume mgonjwa. Kwa kilo tano inakuja gramu 670. Maji ni lita moja na nusu hadi lita moja na robo tatu. Mizani tuliazima kwa mwenye duka anayepimia watu sukari, tukaivisha nailoni kwanza, na kostiki tukaipima ndani ya kopo ili isiguse sahani yake.

Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, polepole, huku unakoroga. Maji hayamwagwi juu ya kostiki hata siku moja. Joto hupanda ghafla na mchanganyiko ukamrukia mtu usoni. Ndoo ya plastiki ngumu, mwiko wa mbao. Sufuria za alumini ni marufuku, kwani kostiki inazila, na gesi inayotoka inashika moto. Maji yalipata moto bila kuni, mvuke mkali ukapanda, watoto wote wa uani wakafukuzwa. Mama Mchungaji alisimama upande upepo unakotokea, miwani ya dereva wa boda usoni, glavu za mpira mikononi. Pembeni tuliweka jerikeni nzima ya maji safi kwa atakayerukiwa. Dawa yake ni maji mengi kwa muda mrefu, si limau wala siki.

Maji ya kostiki yalipopoa na mafuta yakiwa vuguvugu, tukachanganya. Mwiko ulipita kwa vijana wa kwaya mmoja mmoja, na wawili walianza kunong'ona kwamba haitaganda leo. Kisha ikawa nzito kama uji wa ulezi, mwiko ukiinuliwa unaacha mstari juu yake usiozama. Mama Mchungaji akasema "sasa," ikamiminwa kwenye sanduku la mbao lililotandikwa nailoni. Kesho yake tulikata kwa waya. Rangi ya chungwa ya mawese imebaki, watu wameipenda.

Vipande vinakaa kivulini juu ya mbao wiki nne hadi sita, maji yakauke na ukali uishe. Kupima, gusa kipande kwa ncha ya ulimi. Kikichoma, bado.

Machi, siku za mwisho

Papa mweka hazina ameleta hesabu, na hesabu imetukatisha furaha. Jerikeni ya lita 20 tulinunua kwa shilingi 115,000. Kilo tano zimekula karibu lita tano na nusu, yaani 31,000 na ushee. Kostiki ilikuwa 8,000 kwa kilo, tukatumia kama 5,400. Jumla inakaribia 37,000. Sabuni mbichi ilizidi kilo saba, lakini ikikauka itashuka kuelekea kilo sita. Maana yake kila kilo imetugharimu shilingi elfu sita, na bado hatujalipa kuni wala jasho. Mche wa kilo moja dukani hauzidi hapo, tena una alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda.

"Kama ni biashara, imetushinda," akasema. "Kama ni huduma, tununue ya dukani tugawe, tuache kuunguza mikono."

Hakusema kwa kejeli, ila ilikuwa vigumu kusikia, hasa kwa kwaya ambayo ilikuwa imeshatunga wimbo wa sabuni. Mimi nilizipenda zile namba. Kanisa lenye mfuko mdogo linamhitaji mtu wa kuzisoma kwa sauti kuliko linavyomhitaji mhubiri mgeni. Tukaamua: mafuta yasinunuliwe dukani tena. Yapatikane mafuta yasiyo na bei, au tuache kupika.

Aprili

Mvua. Kutoka hapa hadi Kasonga ni tope, boda zinadai mara mbili ya nauli. Zamu mbili zimefanywa kwa miguu.

Mafuta yamepatikana kwa wachinjaji. Mafuta ya ng'ombe yanayokatwa na kutupwa pembeni, ambayo mbwa ndio walikuwa wateja wake, sasa wanatuwekea kwenye mfuko. Mmoja anatutoza kidogo, mwingine hatozi kabisa kwa sababu mama yake ni mmoja wa wale tisa. Tunayakata vipande vidogo, tunayachemsha na maji na chumvi, tunachuja kwa kitambaa, tunaacha yapoe mpaka yagande juu ya maji, tunayainua. Harufu yake kwenye kupika ni ya kuomba radhi mtaa mzima. Lakini sabuni yake ni ngumu na nyeupe, na kwa bahati nzuri mafuta ya ng'ombe yanataka kostiki karibu sawa na mawese, gramu 140 kwa kilo, kwa hiyo kipimo chetu hakikubadilika.

Mama wa mandazi na wa chapati nao wanatupa mafuta yaliyokwisha kukaanga. Hayo tunayachuja na tunayatia kidogo tu, kwa sababu yakizidi sabuni inakuwa laini na inanuka jiko. Mama Mchungaji anaishikilia dawa yake ya harufu: kostiki inayeyushwa kwenye maji ya mchaichai. Sijui mtu aliyewahi kuusikia huo mchaichai baadaye, na sijui mtu aliyethubutu kumwambia.

Inayobaki ni fedha ya kostiki, na hiyo inatoka kwenye mnada. Asiye na shilingi analeta alichonacho madhabahuni: mayai, papai, kopo la maharage, fungu la sombe (majani ya muhogo). Baada ya baraka, shemasi anasimama nje na kunadi. Jumapili iliyopita jogoo mmoja alinunuliwa na mzee, mzee akamrudisha kwa Bwana, akanunuliwa tena, akarudishwa tena, mpaka yeye mwenyewe akachoka na kuanza kuwika. Mwishowe alikwenda na mjane aliyetoa kidogo kuliko wote, na shemasi akajifanya hakusikia bei za juu. Kostiki ikapatikana.

Tumekubaliana pia kwamba hatupeleki sabuni madukani. Kuuza huko kunataka alama ya UNBS, na alama ina taratibu na gharama zake. Nusu ni ya wagonjwa, nusu inabaki kwa washirika wenyewe, anayechukua anachangia kostiki.

Mei, wiki ya pili

Zamu zimeleta jambo ambalo sabuni haikulileta.

Kila mtu kwenye kanisa hili alikimbia Ituri, ila si wote tulikimbizwa na watu wale wale. Kuna Wahema, kuna Walendu, kuna Waalur. Kuna waliotoka kwenye vita vya 1999 hadi 2003 na kuna waliovuka baada ya Desemba 2017 moto ulipowaka upya. Kuimba tunaimba pamoja vizuri kabisa. Kumvua mtu nguo na kumwosha mgongo ni jambo jingine. Nilipopitisha karatasi watu wajiandikishe, majina yalijipanga yenyewe, kila mmoja kwa wagonjwa wa kwao, na nyumba mbili zikabaki bila mtu.

Nikapendekeza kila jozi iwe ya watu wasio wa kabila moja. Mchungaji aliogopa, na hofu yake haikuwa ya kipuuzi. Mlango ukifungwa kwa hasira mara moja, huduma nzima inafungwa. Papa mweka hazina ndiye aliyegeuza mazungumzo, na aligeuza kwa sharti lake lile lile. Watu wa hapa wanahama, alisema. Leo familia ipo, kesho imerudi ng'ambo ya ziwa au imekwenda Kampala. Kama kila mmoja anamwosha wa kwao, siku wa kwao wakihama mgonjwa anabaki peke yake. Mpango wa namna hiyo hauwezi kurudiwa. Haikuwa hoja ya upatanisho hata kidogo, ilikuwa hoja ya hesabu, na nadhani ndiyo maana ilipita.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bibi mmoja ambaye macho yameshapungua sana. Walipoingia alisalimia, akasikiliza sauti, akauliza: "Huyu wa pili ni mtoto wa nani?"

Dada wa pili akajibu ukweli. Akataja jina la baba yake na la kijiji, na ukishataja kijiji huko kwetu umeshataja mengine yote. Bibi akauvuta mkono wake ndani ya blanketi. Hakuna aliyesema neno. Yule dada akachukua shuka chafu na kipande cha sabuni, akatoka nje, akafua, akaanika kwenye kamba, akaaga kutoka mlangoni. Mwenzake ndiye aliyemwosha Bibi.

Nilimwambia ninaweza kumhamishia nyumba nyingine. "Niache, Mama Katibu," akasema. "Mimi nafua tu."

Ijumaa iliyofuata vivyo hivyo. Nimeandika daftarini: shuka limefuliwa, mgonjwa ameoshwa na dada wa kwanza.

30 Mei

Leo Waanglikana walio kati yetu, hasa wale wa kutoka Boga kule Ituri, wamemkumbuka Apolo Kivebulaya. Kwa wasiomjua: alikuwa Mganda, mwinjilisti aliyevuka kutoka Toro na kwenda Boga mwaka 1896, alipokuwa na Kitabu na mikono na si mengi zaidi. Alikutana na njaa na vipigo, akashutumiwa kwa kifo cha mtu, akafungwa, akaachiliwa, akarudi pale pale. Alipewa ukasisi mwaka 1903 na alifariki Boga tarehe kama ya leo mwaka 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, ambako kazi ilikuwa bado.

Wazee wa Boga wanamtaja kama babu wa ukoo. Mmoja wao alicheka akisema: yeye alitoka Uganda akaja kwetu kwa miguu, na sisi wajukuu tumerudi Uganda kwa miguu, ila yeye hakuwa amebeba godoro. Mimi najiuliza zaidi kuhusu ile safari yake ya pili, ya kurudi kwa watu waliomkabidhi kwa walinzi. Ya kwanza hata kijana mwenye damu moto anaweza kuifanya.

Dada wa shuka alikuwepo. Sikumtazama, asije akadhani hadithi ilikuwa yake.

Juni, wiki ya kwanza

Siku ya Mashahidi wa Uganda tumesali hapa hapa, nauli ya kwenda kuhiji Namugongo hatukuwa nayo. Maharage yameiva, kila mtu yuko shambani, zamu nyingi zimefanywa na vijana wa shule. Sabuni ipo ya kutosha.

Juni, wiki ya tatu

Amekuja mgeni kutoka ng'ambo, mtu mwema, msikilizaji. Aliona masanduku ya sabuni yakikauka na moyo ukamwenda mbio. Alitaka kutununulia mashine ya kukorogea, ya injini, na banda la mabati la kuiweka. Alitaka pia picha: Bibi kitandani akipokea kipande cha sabuni, uso uonekane, ili marafiki zake wachange.

Nilimwona Mchungaji akimeza mate. Tuna paa linalovuja na hapa kuna mtu anazungumzia mabati. Ndani ya wilaya hii hii, huko Kingfisher kando ya Ziwa Albert, kuna mitambo ya kuchimba mafuta ya petroli, na sisi tunapiga kura kuhusu mafuta ya ng'ombe.

Kamati iliomba dakika chache, ikakaa chini ya mwembe. Hoja ya mashine iliisha haraka. Petroli yake itatoka wapi? Ikiharibika, spea iko Hoima au Kampala? Na kwa kilo tano za mafuta, vijana wanne na mwiko wanatosha. Hoja ya picha ndiyo iliyochukua muda. Mmoja wetu alisema, kwa haki kabisa, kwamba Bibi hana cha kupoteza na kanisa lina paa la kupata. VHT akajibu kwamba Bibi haoni, hawezi kujua picha inaonyesha nini, na mtu asiyeweza kuona picha yake hawezi kuikubali. Hapo tukanyamaza.

Mchungaji alirudi akamwambia mgeni hivi: picha za wagonjwa hapana, picha za sabuni karibu hata elfu. Mashine asante, lakini kama anataka kutusaidia tuna shida ya mizani ya gramu na miwani ya kukinga macho. Aliyapokea vizuri, akapiga picha za sabuni na za jogoo, akasema ataandika. Mpaka leo hajaandika. Simlaumu, ni vigumu kuomba marafiki wachangie mizani.

Mizani tumeinunua wenyewe kutokana na mnada wa maharage. Ni ndogo, ya betri, inapima hadi kilo tano. Mwenye duka amefurahi kuliko sisi.

Julai

Mwezi huu umekuwa wa mama mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Panadol ilikuwa imeshashindwa zamani. Jozi yetu iliporudi ilikuwa inatetemeka, maana walikuwa wamesikia kilio chake kutoka kwenye pampu ya maji. Kituo cha afya kikampeleka kwa muuguzi wa huduma ya maumivu, naye akarudi na chupa.

Watu wa hapa walikuwa hawaifahamu mofini ya kunywa, nami nilifikiri ni kitu cha hospitali kubwa. Kumbe ni unga unaoyeyushwa kwenye maji, unatiwa kihifadhi na rangi ya kutofautisha nguvu yake, basi. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ndiyo iliyoizoeza nchi hii dawa hiyo, na ina tawi Hoima. Tangu 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliofunzwa kwa kazi hiyo kuiandika, bila kungoja daktari ambaye hayupo, na mgonjwa hatozwi. Kama kuna huduma niliyoiona nchini Uganda iliyofikiriwa na mtu aliyekuwa anajua mfuko wake una kiasi gani, ni hii. Papa mweka hazina alisomewa maelezo yote, akatikisa kichwa kwa heshima kama mtu aliyekutana na fundi mwenzake.

Shida haikuwa dawa. Ya kwanza ilikuwa mume: alisikia kwamba mofini hupewa mtu anayekufa wiki hiyo, na mshirika mmoja alikuwa amemwambia kuinywa ni kukosa imani. Mchungaji hakuhubiri. Alikwenda jioni, akakaa kwenye kigoda, akamimina kipimo mwenyewe mbele ya mume, akampa mama. Akaomba, akabaki pale mpaka mama akalala.

Shida ya pili ilikuwa saa. Muuguzi alisema kila baada ya saa nne, na kipimo cha kulalia kiwe maradufu ili usiku asiamshwe, pamoja na dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga. Nyumba ile haina saa wala simu. Binti wa jirani ana simu ndogo ya kubonyeza. Tumeiwekea kengele, na kila inapolia yeye hutoka mbio na kugonga bati la nyumba ya mama. Kuchaji kwenye kibanda cha sola ni shilingi 500, kanisa linalipa. Hakuna gharama ndogo zaidi kwenye daftari lote.

Ijumaa iliyofuata jozi ilimkuta mama ameketi, akibishana na mumewe kuhusu bei aliyouzia maharage. Alisema amepunjwa. Alikuwa sahihi.

Agosti

Hesabu za miezi sita zimesomwa kanisani, shilingi kwa shilingi, pamoja na zile 500 za kuchaji simu. Mtu mmoja aliuliza kwa nini kostiki ilipanda mwezi wa tano, akajibiwa kwa risiti. Tangu siku hiyo mnada umechangamka, wala sioni sababu nyingine.

Shule ya jirani imemwomba mwalimu wetu wa Sunday school akasaidie Kiswahili, tangu Baraza la Mawaziri lilipokubali mwaka 2022 kiwe somo la lazima na walimu wakawa hawatoshi. Amekubali saa mbili kwa wiki, na shule inatupa darasa Jumamosi, kwa hiyo sabuni sasa inakaukia mahali pasipovuja.

Wawili kati ya wale tisa wamefariki. Mmoja amehama na mwanawe. Wapya wanne wameingia, sasa tuko kumi. Bibi yupo. Siku hizi Bibi anamwita dada wa pili "yule wa shuka", na dada akichelewa Bibi anauliza yuko wapi. Kumwosha mgongo bado ni kazi ya dada wa kwanza, lakini miguu Bibi ameshamruhusu yule wa shuka.

Kutoka kijiji cha Mombasa, hapa hapa Kyangwali, wamekuja wazee wa kanisa jingine wakiomba tuwafungulie huduma kwao. Nyumba za wagonjwa wamezihesabu, ni nyingi. Kamati imejibu kwamba hatuwezi kwenda, watu wetu ni hawa hawa na miguu ni hii hii. Lakini wakituletea watu wawili, tutawapa zamu na jozi zetu mwezi mzima wa Septemba na watapika sabuni nasi Jumamosi mpaka waweze peke yao. Wachinjaji wawatafute wao wenyewe. Jumamosi ya kwanza tunaanza asubuhi mapema kabla ya jua kali. Waje na mafuta yaliyokwisha kuchujwa, nguo za mikono mirefu, na ndoo ya plastiki. Wa kwao mmoja alishauliza kama sufuria itafaa, nimemwandikia kwa herufi kubwa.